Gemu Iliyosifiwa Ikakosa Wanunuzi, na Miaka 16 ya Kumpata Mdogo Wake (Historia ya Michezo ya Watoto, Sehemu ya 8)

Ndaga fijo kwa kusubiri. Wiki iliyopita nilikuwa na zamu za usiku mfululizo, simu nilikuwa naishika kuangalia saa tu.

Tumeshapita kwenye bao, kwenye magari ya waya, kwenye midoli ya magunzi. Leo tunaingia kwenye gemu za kwenye skrini. Najua ukisikia hilo neno unaona yale mabanda ya mjini Kyela, watoto wamebanana kwenye benchi mbele ya televisheni moja, aliyefungwa anampisha mwenzie, na sukari uliyomtuma dukani haijanunuliwa. Nayaona na mimi. Ila leo sisemi habari za banda. Nataka nikusimulie gemu moja ambayo karibu kila aliyeicheza aliisifu, wanunuzi wakawa wachache, na ikachukua miaka 16 kupata mdogo wake. Nimeichagua kwa macho ya kinesi. Ukifika katikati utaona kwa nini.

Jina lake ni Psychonauts. Usihangaike kulitamka.

Mwenye wazo lake anaitwa Tim Schafer, Mmarekani. Miaka ya tisini alikuwa LucasArts, kampuni ya gemu ya yule mzee aliyetengeneza filamu za Star Wars. Huko aliongoza gemu inayoitwa Grim Fandango. Ilitoka 1998, wachambuzi wakaimwagia sifa, mauzo yakawa ya kusikitisha. Kwa hiyo ugonjwa huu alikuwa nao toka mapema. Mwaka 2000 akaacha kazi, akaanzisha kampuni yake ndogo San Francisco, Double Fine, na kazi yao ya kwanza ikawa hii.

Hadithi yake ni ya mtoto anayeitwa Razputin, wenzake wanamwita Raz. Amezaliwa kwenye familia ya sarakasi, na ana uwezo wa kuingia ndani ya akili za watu. Anatoroka nyumbani, anajipenyeza kwenye kambi ya likizo ya watoto wenye vipaji kama vyake, wanaolala kwenye vibanda vyao mbali na wazazi.

(Hapo nisimame kidogo. Mzungu anaona kambi ya watoto peke yao ni jambo la ajabu la hadithini, lakini Mnyakyusa wa zamani asingeshangaa hata kidogo. Mtoto wa kiume akifika kama miaka kumi alihama nyumba ya wazazi, akaenda kulala na wa rika lake kwenye kijiji chao cha wavulana pembeni. Kula walirudi kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa mama yule. Monica Wilson aliyekuja huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930 aliyaandika hayo kwenye kitabu chake cha 1951. Kwa hiyo ukilalamika kwamba mwanao ana dunia yake usiyoijua, bibi wa bibi yako alikuwa na lalamiko hilohilo, na sufuria kubwa kuliko lako.)

Turudi kwa Raz. Kila akiingia kichwani mwa mtu, kichwa kile kinakuwa nchi nzima ya kutembea. Akili ya mwalimu mmoja mwenye nidhamu kali ni mchemraba uliopangwa sawasawa. Ya mwalimu mwanajeshi ni uwanja wa vita. Ya mlinzi wa geti anayeamini watu wote wanamfuatilia ni mtaa ambao barabara zake zimejipinda hewani kama utepe, na kila kona kuna jasusi amejifanya fundi wa barabara. Ukiwa umewahi kumhudumia mgonjwa mwenye hofu za namna hiyo, unakubali kabisa: aliyechora hapa alikuwa amekaa akafikiri.

Juu ya yote, familia ya Raz imelaaniwa ifie majini. Akisogelea maji, mkono wa maji unainuka na kumvuta. Sisi wa huku ziwani hatuhitaji kuelezwa hilo. Kila kijiji toka Matema hadi mpakani kina familia moja ambayo watoto wake wamekatazwa kuoga ziwani, na ukiuliza sababu unapewa hadithi fupi, kisha mazungumzo yanahamia kwenye mpunga. Aliyezama hatajwi sana. Anabaki kwenye katazo.

Sasa kuna chumba kimoja kwenye gemu hii ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Mwalimu mwingine wa kambi, mwanamke anaitwa Milla, ni mtu wa furaha. Akili yake ni ukumbi wa dansi, taa za rangi, muziki, watu wanaruka. Ukicheza haraka utapita, utafurahi, utaondoka. Ila ukizubaa pembeni kuna kijumba cha watoto, na ndani yake njia ya kushuka kwenye chumba chenye giza na moto, na sauti za watoto zinamwita. Milla zamani alikuwa mlezi kwenye nyumba ya yatima. Ikaungua. Watengenezaji hawakukulazimisha ukione chumba kile, na mhusika mwenyewe habadiliki, akikukuta umekichungulia anakwambia kwa upole tu kwamba hilo analimudu. Wengi wamemaliza gemu nzima bila kujua kwamba kipo.

Jamani, hiyo ndiyo wodi ya wazazi. Mama anacheka, anapokea wageni, anasema yuko salama, na chumba kile kipo. Tunampima presha, tunaangalia kidonda, tunauliza kama mtoto ananyonya. Chumba hatukiulizi.

Lakini nisiisifu kupita kiasi gemu ya kwanza, maana nusu yake ya pili inanikwaza. Ng'ambo ya ziwa la kambi ile kuna hospitali ya wagonjwa wa akili iliyotelekezwa. Wagonjwa waliobaki ndio wanaokuwa vichekesho: mmoja anaishi na ugomvi wa kichwani na Napoleon, mwingine ni mwigizaji mstaafu ambaye furaha na huzuni zinawaka na kuzima kama swichi. Raz anaingia, anatatua fumbo, mtu anapona kwa nusu saa, anampa kitu anachohitaji, safari inaendelea. Inachekesha kweli, siwezi kukataa. Ila wale watu wako pale kama makufuli na funguo. Na sisi tusiwanyooshee kidole Wamarekani. Mirembe ya Dodoma ipo toka 1927, imehudumia Watanzania miaka yote hiyo, na mpaka leo ukitaka kumtukana mtu mtaani unamwambia arudi Mirembe.

Basi, gemu ilitengenezwa kwa shida. Microsoft ndio waliokuwa wakilipia, Machi 2004 wakajitoa. Kampuni ndogo ya wasambazaji, Majesco, ikaiokota, na Aprili 2005 ikatoka. Wachambuzi wakashangilia. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya BAFTA ya Uingereza kwa hadithi iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Na dukani? Mpaka 2005 inaisha, Amerika Kaskazini zilikuwa hazijauzwa nakala 100,000. Kwa gemu iliyotengenezwa miaka minne na watu wa mshahara, huo ni msiba. Mkuu wa Majesco akajiuzulu mwaka huohuo.

Kwa nini haikununuliwa? Mimi nafikiria baba amesimama dukani na kijana wake. Kasha hili lina wanajeshi, lile lina magari, lile lina mpira. Hili lina mtoto mwenye kichwa kikubwa na miwani ya rubani. Muuzaji ataelezeaje kwa sentensi moja? Na msambazaji hakuwa na fedha za matangazo ya kuwaelezea watu kabla hawajafika dukani. Tena mwishoni mwa mwaka huo ikatoka Xbox mpya, watu wakaacha kununua vya ile ya zamani. Mchele wa Kyela wenyewe, pamoja na harufu yake yote, ukiuweka sokoni siku watu wamekwenda mnada mwingine unarudi nao nyumbani.

Sasa ndipo historia inapokuwa tamu, kwa sababu kwa hesabu za kawaida habari iliishia pale. Kitu kisichouzika hakipewi mdogo.

Kilichotokea ni kwamba watu walioicheza hawakuisahau. Waliiazimana, wakaisimulia. Kisha gemu zikaanza kuuzwa kwa intaneti bila kasha wala rafu, na kitu cha zamani kikaweza kukaa dukani milele. Mwaka 2011 haki za Psychonauts zikarudi mikononi mwa Double Fine, wakaanza kuiuza wenyewe. Ilipofika Desemba 2015 Schafer alitangaza kwamba imeshauzwa nakala karibu milioni 1.7, na zaidi ya milioni 1.2 kati ya hizo ni baada ya wao kurudishiwa. Mtoto aliyezaliwa njiti, akatembea akiwa na miaka sita.

Katikati hapo, Februari 2012, yule Mswidi aliyetengeneza Minecraft (wanenu wanaijua, waulize) alimwandikia Schafer hadharani mtandaoni kwamba yuko tayari kufadhili sehemu ya pili. Watu wakashangilia wiki nzima. Kumbe alidhani ni gharama ya dola milioni chache. Alipoambiwa inazidi milioni kumi, ikaishia hapo. Simlaumu, ni kama wale wanaosema "nitakusomeshea" kwenye sherehe ya kipaimara.

Desemba 2015, kwenye sherehe ya tuzo za gemu inayoitwa The Game Awards, Schafer akatangaza: tunatengeneza sehemu ya pili, tuchangieni. Mchango ulikuwa wa mtandaoni, na ulikuwa na milango miwili. Mmoja ni kama mchango wa harusi, unatoa, ukialikwa unakula. Mwingine ni kama hisa za VICOBA, unaweka fedha ukitegemea gawio gemu ikiuzwa. Walitaka dola milioni 3.3. Mpaka Januari 2016 walipata zaidi ya 3.8, kutoka kwa watu kama 24,000. Angalia hapo: watu elfu ishirini na nne wanalipia kitu ambacho hakipo, kwa sababu ya kumbukumbu ya miaka kumi iliyopita.

Na fedha ile haikutosha. Waliahidi 2018, ikasogea 2019, ikasogea 2020, ikatoka tarehe 25 Agosti 2021. Msambazaji wao mpya, kampuni ya Sweden, aliingia kwenye matatizo makubwa ya fedha Desemba 2018. Wakaanza kukata vipande vya gemu ili wamalize. Aliyewaokoa ni nani? Microsoft. Walewale waliojitoa 2004, Juni 2019 wakainunua kampuni nzima, na Schafer amesema wazi kwamba fedha hiyo ndiyo iliyorudisha mapambano makubwa yaliyokuwa yameshafutwa. Mwenye bando aangalie filamu yao ya PsychOdyssey, iko bure YouTube, sehemu 32. Wamejirekodi miaka yote. Hakuna kupamba: watu wamechoka, wanabishana mkutanoni, kiongozi wa mradi anaondoka, wengine wanalia, kisha Korona inakuja kila mtu anafanyia kazi mezani kwake. Mimi niliangalia usiku wa mapumziko nikasahau kulala. Mikutano yao ya kukabidhiana kazi ina kasoro zilezile za kwetu.

Gemu ya pili inaanza siku chache tu baada ya ya kwanza. Nje imepita miaka 16, Raz hajaongezeka hata inchi, na sauti yake ni ya mwigizaji yuleyule. Ila waliokuwa wakiiandika walikuwa wamekua. Mwanzoni kabisa kunatokea maandishi yanayokuonya kwamba humu kuna mambo ya afya ya akili, na yanakuelekeza pa kupata msaada. Walishirikiana na shirika la Take This, linaloshughulika na afya ya akili kwa watu wa gemu, wakawauliza: hapa tumemwonyesha mgonjwa sawasawa? Hapa tumemdhalilisha?

Na tukio la kwanza kubwa ni hili. Raz sasa ni mwanafunzi wa mafunzo kazini. Bosi wake, mama anayeitwa Hollis, amekwisha kuwafundisha darasani kwamba kazi yao ni kumsaidia mtu apambane na yake, kubadilisha akili ya mtu hawaruhusiwi. Raz ana haraka. Anataka Hollis awaruhusu kwenda kwenye kazi ya hatari, Hollis amekataa. Basi Raz anaingia kichwani mwake bila ruhusa, anaunganisha mawazo mawili yasiyohusiana, hatari na faida, akidhani amemtia ujasiri kidogo tu. Hollis anageuka mcheza kamari. Tena zamani alikuwa mtu wa hospitali, kwa hiyo akili yake inakuwa hospitali iliyogeuzwa kasino: wodi ya wazazi ina mashine ya kubahatisha, duka la dawa lina kamari yake, kitengo cha moyo kina yake. Kwenye gemu ya kwanza Raz angepewa pongezi. Hapa anarudi ndani, anahangaika kufungua alichofunga, kisha anasimama mbele ya mama yule kuomba msamaha.

Kwa mama wa hapa Kyela ambaye baba watoto ameweka kodi ya nyumba kwenye mkeka wa Jumamosi, picha ile ya hospitali yenye taa za kasino haihitaji tafsiri.

Wapo na wengine humo. Mzee mlevi ambaye akili yake ni bahari na visiwa vya chupa. Mzee mwingine ambaye hofu yake ya kuhukumiwa imekuwa shindano la mapishi mbele ya majaji wasioridhika. Hakuna anayepona kwa nusu saa. Raz akitoka, mtu anakuwa ameweza kusimama, siku nyingine zinafuata.

Naleta hili kwenu kwa sababu moja. Nimewahi kumpokea mama wa siku ya tano tangu ajifungue, halali, anaongea haraka, anasema mtoto kabadilishwa. Nyumbani walikuwa wameshamfanyia mambo matatu: walimcheka, walimfunga, wakampeleka kwa mtu wa kumtoa walichosema ametupiwa. Kila mmoja aliingia kichwani mwake bila kubisha hodi. Hospitali walimleta mwisho. Mama zangu, mzazi akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akaanza kusikia sauti, kumwogopa mtoto au kusema afadhali wafe wote wawili, hiyo ni dharura kama kutoka damu nyingi. Usimwache peke yake na mtoto, mlete siku hiyohiyo. Inatibika. Na wakati mnakuja, msimbishie na msimcheke, mwongeleshe taratibu, mwambie mnakwenda wapi.

Mambo mawili ya haraka kwa wanaotaka kumnunulia mtoto. Marekani gemu hii imepangiwa umri wa miaka 13 kwenda juu, kwa hiyo darasa la pili bado. Na ina kitufe cha kumfanya mchezaji asiuawe kabisa. Baadhi ya wachezaji wazoefu walikilalamikia, eti kinaondoa maana. Wenye gemu wakajibu kwamba aliyemaliza kwa kitufe hicho amemaliza, na wanataka watu wote wacheze. Mwenye mtoto ambaye vidole havimtii anajua thamani ya jibu hilo.

(Aya hii mfiche mwanao kama hajamaliza.) Laana ya maji? Gemu ya pili inaifungua. Haikuwa laana. Kulikuwa na mwanamke wa ukoo ule mwenye nguvu za kuyaamrisha maji, vita vikamtumia, akawagharikisha watu wake, akamuua hata dada yake, akili ikavunjika. Walioshindwa kumtibu wakamfuta kumbukumbu na kumpa maisha ya mtu mwingine. Raz anagundua kwamba ni bibi yake anayeishi nao. Mto Songwe ukipanda na kuingia nyumbani Machi hadi Mei, sisi huwa tunahesabu magunia na mifugo. Gemu ya watoto imehesabu bibi.

Sasa nikulete karibu na kwetu. Tarehe 6 Desemba 2018 sherehe ileile ya The Game Awards ilifanyika Los Angeles. Usiku huo walionyesha vipande vya Psychonauts ya pili. Na usiku huohuo aliitwa kijana wa Kiafrika kupewa heshima, Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Yeye pia alikuwa anatengeneza upya gemu yake iliyosifiwa bila kumpa fedha.

Lual alizaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita. Dada zake wawili walikufa kwenye safari hiyo. Mama yake alijifungua kwenye msafara wa watu wanaotembea, hebu wewe uliyejifungua kwenye kitanda chenye mpira ufikirie hilo kidogo, kisha akamlea kambini miaka zaidi ya ishirini. Mwaka 2007 mtoto akaona kompyuta kwenye kituo cha kuandikisha wakimbizi, akarudi akamwambia mama naitaka. Kambi ambayo chakula ni cha kupimiwa! Mama hakusema kitu. Akaweka akiba miaka mitatu, kimya, mpaka dola 300 zikatimia. Nimepiga hesabu: ni kama senti 27 za dola kwa siku, kila siku, bila kukosa siku moja.

Alipopewa kompyuta, kambi haikuwa na umeme. Akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji, na saa tatu kurudi. Rafiki akamwekea gemu ya Grand Theft Auto, ile ya kupora magari na kupiga watu risasi, ndiyo gemu ya kwanza aliyowahi kuicheza. Akaiangalia kwa macho ya mtoto wa vita, akawaza: kama hii inaweza kumfundisha mtu kupiga, basi nyingine inaweza kumfundisha amani. Akajifundisha mwenyewe, akatengeneza gemu ndogo ya simu, akaiita Salaam. Humo ulikuwa unaondoa zana za vita zisiwafikie watu. Alitengeneza na mchezo wa ubaoni, Wahda, maana yake umoja, kwa wasio na simu. Salaam ilizunguka kambini, ikafika Facebook, dunia ikaigundua. Sifa zilikuja nyingi. Wakimbizi hawanunui gemu.

Akafika Washington, akafungua kampuni, Junub Games (junub ni kusini kwa Kiarabu), akaanza Salaam ya pili. Na mabadiliko yake yananikumbusha Hollis kabisa. Katika ya kwanza wewe uko juu, mkono unaofuta mabomu. Katika ya pili wewe ni mkimbizi, unakimbia. Nyuma kuna mabomu, na mwili una mahitaji: maji, chakula, dawa. Nguvu zikiisha unasimama. Unaweza kununua maji ya kwenye gemu kwa fedha halisi, na mpango wa Lual ni kwamba fedha hiyo ipitie kwa mashirika yanayofanya kazi kambini, imfikie mkimbizi wa kweli ikiwa maji ya kweli, chakula cha kweli, dawa ya kweli.

Mwendo ule ni wa mama yake, na yeye mwenyewe alikuwemo tumboni. Mama aliambiwa kompyuta ni ya masomo au ya michezo, sijui kama hata aliuliza. Alichojua ni bei.

Wiki ijayo rede na ukuti. Walio na picha za zamani za watoto wanacheza Matema au Ipinda, ziandaeni. Naingia zamu saa mbili usiku.